Sikio la Chang'ombe

Pikipiki ya Bupe niliisikia kwa nyayo kabla sijaiona kwa macho. Nilikuwa nimesimama peku juu ya bati tunalotandaza chini ili oili isizame mchangani, na bati likaanza kutetemeka kwa mapigo mazito yaliyoachana. Boda zetu za kila siku hutetemesha kama nyuki ndani ya kopo. Hii ilikuwa injini kubwa ya silinda moja, ya zamani. Nikageukia barabarani kabla ya mwenzangu yeyote.

"Mmemwona?" Isack akawaambia watu waliokaa kijiweni kwetu. "Sikio keshaisikia toka iko viwandani kule. Huyu si mtu, huyu mbwa!"

Wakacheka, nami nikacheka, maana nilikuwa nimepata kila neno. Isack ana midomo minene na huongea kama anayetafuna, kila neno linatoka na umbo lake. Nilimpenda kwa hilo kuliko alivyojua.

Jina langu ni Badru, lakini Chang'ombe nzima wananiita Sikio, na jina hilo sikuliokota. Nilikuwa naweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, na kabla mteja hajamaliza kujieleza nimeshamwambia beringi ipi imekufa na ipi inaumwa. Watu walitoka Mbagala na Ubungo wakawaruka mafundi wote njiani kuja kwangu. Mafundi wenyewe waliniletea injini zilizowashinda, wakasema walikuwa wanapita tu kunisalimia.

Kisha masikio yakaanza kuziba. Kwanza walipotea ndege, na sijui walipotea lini. Halafu adhana ikawa mvumo usio na maneno. Halafu sauti za watu zikawa zinatoka ndani ya ndoo iliyofunikwa. Sikumwambia mtu. Nani atampelekea injini fundi kiziwi, na fundi mwenyewe anaitwa Sikio? Wakijua, jina lile lingegeuka kuwa dhihaka kabla jua halijazama, na mimi sikuzaliwa kuwa dhihaka ya mtu. Nikajifunza kusoma midomo. Nikajifunza kukaa mgongo ukutani, watu wote mbele yangu. Bisibisi nikaihamisha kutoka sikioni kwenda kwenye meno, kwa sababu ukiuma mpini, chuma huongea na fuvu moja kwa moja bila kupitia mlangoni. Wenzangu walidhani ni mbwembwe mpya. Fundi mmoja wa Temeke akaanza hata kuiga.

Chuma nilikiweza hivyo. Watu ndio walionishinda. Mama yangu, Bi Somoe, akipiga simu naikata, kisha namwandikia kuwa niko kazini. Siku moja naye akaandika: "Siku hizi unanikatia mwanangu, kwani nimekukosea nini?" Rafiki zangu waliniita kwa nyuma, nikapita kama sikuwaona. Wakasema naringa. Niliwaacha waseme, maana afadhali anayeringa kuliko anayehurumiwa. Ila anayeringa naye anakula peke yake, na chumba changu nilichopanga nyuma ya karakana za mabati kilikuwa kimya kuliko kaburi, hata mvua ikinyesha.

Bupe alisimamisha pikipiki mbele yangu, akaizima. Alikuwa mwanamke wa umri wangu hivi, mwalimu wa sekondari, anakaa Kinyerezi. Pikipiki ile ya Kiingereza aliachiwa na baba yake, na kila Jumapili huipanda kwenda kanisani. Haya alinisimulia Isack baadaye, kwa sababu yeye ndiye aliyemwahi.

"Ugonile!" Isack akamsalimia kwa Kinyakyusa chao, akatabasamu meno yote.

"Ndaga," akajibu, na baada ya hapo wakazama kwenye lugha yao, midomo yao ikanipotea kabisa. Nikainama nikajifanya natazama kabureta.

Aliponigeukia alirudi kwenye Kiswahili. Alikuwa anahangaika na kamba ya helmeti chini ya kidevu, vidole vikipita mbele ya mdomo.

"Inalia humu," akagonga kava la kushoto. "Nilimpelekea fundi mmoja huko Ubungo, akasema cheni ya ndani imelegea. Basi akaikaza. Toka siku hiyo ndiyo imekuwa balaa."

"Hiyo taimingi," Isack akaingilia. "Cheni ya ndani ni taimingi, hamna nyingine."

"Hiyo ya boda zako," nikamwambia. "Toka uzaliwe hujaona pikipiki yenye cheni tatu. Kaa pembeni ujifunze."

"Ebwana! Profesa huyo!"

Nilikuwa na haki ya kujivuna. Pikipiki zetu nyingi injini na klachi huumana kwa gia. Hizi za zamani, pamoja na cheni ya tairi unayoiona na ile ya taimingi inayofungua vali ndani ya injini, zina nyingine fupi na pana iliyofichwa ndani ya kava la kushoto. Inaogelea kwenye oili, inachukua nguvu kutoka kwenye injini na kuipeleka kwenye klachi. Ikilegea hupiga kava ovyoovyo, hasa ukiachia mafuta ghafla. Ikikazwa kupita kiasi huimba mluzi mwembamba unaopanda na injini, na usipoisikiliza huondoka na beringi.

"Piga kiki, dada."

Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye kava, nikauma mpini. Mluzi ulikuwepo, mwembamba na mkali, ukipanda kila Bupe alipozungusha mkono wa mafuta. Chini yake, mbali, kulikuwa na kitu kingine: tak... tak... kikija kila baada ya mizunguko kadhaa ya injini, kama mtu anayebisha hodi na kungoja. Nilikisikia, nikakisamehe. Nikajiambia ni pistoni, uzee tu. Nilikuwa nimeshaambiwa cheni imekazwa, na mluzi ukasema imekazwa. Ushahidi wa tatu wa nini?

Akazima. Kava lile lina tundu dogo lenye kizibo. Nikakifungua, nikaingiza kidole. Cheni nzuri hupanda na kushuka chini ya kidole, kama upana wa kidole cha mwisho hivi. Hii ilikuwa ngumu kama waya wa kuanikia nguo.

"Alikaza kama anafunga mbuzi," nikasema kwa sauti, kijiwe kizima kisikie.

Bupe akakunja uso kidogo, akasema neno ambalo sikulipata. Nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa ndiyo ilikuwa lugha yangu ya pili.

Katika pikipiki hizi, gia boksi ndiyo hukaza cheni ile. Unalegeza bolti zake, unaivuta nyuma kukaza, unaisukuma mbele kulegeza. Niliposhika spana nikaona gia boksi imeshasogezwa mbele, imebakiwa na nafasi ya unyoya. Niliona kwa macho yangu mawili. Cheni iliyokazwa huvutwa nyuma. Hii mbona imekaa mbele? Mtu mwingine angesimama hapo. Mimi niliharakisha, kwa sababu kusimama ni kuuliza, na kuuliza ni kujibiwa, na mwenye kujibu alikuwa ameinama anatafuta kitu kwenye mkoba.

Nikaisukuma ile nafasi iliyobaki. Nikalegeza na tairi la nyuma, maana gia boksi ikienda mbele huivuta cheni ya tairi. Nikapima kwa kidole hapa, nikazungusha kidogo, nikapima pale. Cheni ikapumua. Nikauma tena bisibisi injini ikiwaka: mluzi umekwisha. Ile hodi ya mbali sikuijali.

"Tayari dada. Kazungushe mpaka viwandani urudi."

Akaondoka. Isack akasimama mikono kiunoni akimtazama hadi mwisho, kisha akaniambia kitu kuhusu wanawake wa kwao na pikipiki kubwa, nikacheka mahali alipocheka. Nilijisikia vizuri. Nawaambia kweli, siku ile nilijisikia kama zamani, kama mtu mwenye wenzake.

Bupe aliporudi sikuhitaji kusoma midomo. Uso ulikuwa umeshasema.

"Bado," akasema. "Ule mluzi umepungua, lakini ile inayogonga ndiyo imezidi."

"Haigongi," nikasema.

"Inagonga, fundi. Hata huyu anasikia." Akaiacha injini iunguruke, akamnyooshea Isack mkono.

Isack akainamisha kichwa. "Mhh. Inagonga hiyo. Tak, tak. Sikio, leo umeota nta! Nilikwambia taimingi, ukanifanya mie mtoto."

Watu wa kijiweni wakasogea. Bupe akazima injini, akanisogelea.

"Fundi, mie si nilikwambia toka mwanzo kuwa ameikaza?"

"Ndiyo dada, na mie nimeilegeza! Kakaza, nimelegeza. Unataka nini tena?"

Akanitazama. Akarudia neno lake, taratibu kidogo. Midomo ikafanya vilevile.

"Kakaza! Nimeelewa! Sina matope kichwani!"

Nyuso zikabadilika, moja baada ya nyingine, kama taa zinazowashwa mtaani. Isack akaniwekea mkono begani. "Badru," akasema.

Tangu tuanze kazi pamoja hakuwahi kuniita Badru.

"Dada hajasema kakaza. Kasema ka-ka-ta. Cheni ilikatwa." Akaweka vidole viwili mbele ya macho yangu, akavifungua na kuvifunga kama mkasi.

Jaribuni mbele ya kioo, mtaona. Kata. Kaza. Ulimi unakwenda mahali pamoja nyuma ya meno, midomo inafunguka sawasawa. Tofauti yote iko kwenye sauti, na sauti ndiyo niliyokuwa sina.

Sikukubali. Nilizaliwa mbishi, na aliyebanwa hushika hata wembe.

"Ni hii grenda ya Hija!" nikapayuka. Hija ni mchomeleaji, kibanda chake kiko nyuma yetu. "Kutwa kucha inakereza vyuma hapa, mtu atasikiaje mteja? Nimeshamwambia ahamie kwingine!"

Wakatazama kitu nyuma yangu. Nikageuka.

Hija alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha kahawa mkono huu na kipande cha kashata mkono huu. Grenda ilikuwa chini, waya wake umezungushiwa vizuri. Akanitazama kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake, yeye ambaye tulitukanana kila asubuhi badala ya kusalimiana.

"Umeme umekatika toka asubuhi, kaka."

Neno lile nililisoma bila kukosea.

Mikono yangu ilitaka kazi, nikaipa. Nikaweka karai, nikafungua oili ya kava. Ilitoka na vumbi la chuma linalong'aa kama magamba ya samaki juani. Nikafungua skrubu, nikalivuta kava, na kwa mara ya kwanza nikaiona cheni yote.

Cheni ya aina hii haina mwanzo wala mwisho. Huja ikiwa duara zima, na huingizwa pamoja na gia zake. Hii ilikuwa imetanuka kwa uzee, na yule fundi, badala ya kutafuta mpya, akakata pingili zake na kuziunga kwa loki, ile klipu ndogo tunayotumia kwenye cheni ya nje. Ndiyo maana ilibana, na ndiyo maana gia boksi ililazimika kwenda mbele. Tena mdomo wa klipu aliuelekeza kule cheni inakokimbilia, ilhali hata anayejifunza anajua mdomo hutazama nyuma. Sikio moja la klipu lilikuwa limeshavunjika. Ndani ya kava kulikuwa na mchirizi mweupe uliochimbwa, mahali loki ilipopita ikibisha kila mzunguko. Nilipoilegeza cheni nikaipa nafasi ya kurukaruka zaidi. Ningekuwa nimemwacha aende nayo Kinyerezi, huenda ingefunguka njiani, ikajikunja kwenye klachi, na tairi la nyuma likakwama na yeye akiwa juu.

Nikamwonyesha Bupe mchirizi ule. Nikamweleza yote, vizuri, neno kwa neno, kwamba asiipande mpaka ipatikane cheni nzima, kwamba Kariakoo kuna mzee anayejua kuzitafuta za zamani, kwamba hata gia mbili zile nitazikagua meno. Sikuwahi kueleza kazi vizuri namna ile. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza uso akamuuliza Isack.

"Ataiweza?"

Alimuuliza Isack.

"Huyu?" Isack akasema. "Huyu ataiweza. Chang'ombe hamna mwingine." Ilikuwa kweli, naye aliisema kwa moyo. Bupe akamuuliza jambo jingine, naye akanigeukia, akaupanua mdomo wake mnene kama anayemwelekeza mtalii: "A-NA-U-LI-ZA! I-TA-CHU-KU-A! MU-DA! GA-NI!"

Hata mimi nilisikia. Nadhani na watu wa ng'ambo ya barabara walisikia.

"Usinipigie kelele."

"Samahani, braza."

Isack hajui samahani. Aliwahi kuniangushia injini mguuni akaniuliza kwa nini nimeweka mguu pale. Siku ile akaniomba samahani, akashusha macho, na wengine nao wakashusha macho, kila mmoja akapata shughuli ya ghafla. Angenitukana ningepona. Ningemtukana naye, tungekuwa sawa.

Bupe aliiacha pikipiki. Kabla ya kupanda boda ya kumrudisha, akaandika kitu kwenye simu, akanigeuzia kioo nisome. "Pole sana fundi. Nitasubiri mpaka ipone." Nikamrudishia simu.

Mchana ule hakuna aliyeniita Sikio. Hakuna aliyeniita kwa jina lolote. Mteja akija, Isack alimwahi, akamwambia jambo kwa pembeni, na mteja akanitazama mara moja na kuacha. Walinipitishia spana kabla sijaomba. Hija aliniletea kahawa, akaiweka karibu na mkono wangu taratibu, kama unavyomwekea mgonjwa. Mie nikakaa peke yangu na karai la mafuta ya taa, nikalisugua kava ambalo lilikuwa limeshatakata.

Nilikuwa nimeogopa dhihaka miaka yote ile. Sikuwahi kufikiri kwamba kitakachokuja ni adabu.

Kuelekea alasiri waliketi kwenye benchi, Isack, Hija na madereva boda wawili, kahawa katikati yao. Mabega ya Hija yakaanza kutikisika. Isack akajipiga paja, dereva mmoja akainama mpaka magotini. Zamani, yaani jana, ningekuwa nimekaa mbele yao palepale, nawinda midomo. Nikainua kichwa nijaribu kupata mkia wa lile jambo. Isack akaniona. Akauweka mkono mbele ya mdomo.

Niliacha kava, nikanyanyuka, nikaenda nikasimama mbele ya benchi, mikono ikinichuruzika mafuta ya taa. Katika maisha yangu yote ya kusoma midomo sikuwahi kumwomba mtu arudie. Maneno yalinitoka kama jino.

"Mmesema nini?"

Wakatazamana. Isack akapunga mkono.

"Aah, hamna kitu braza. Utani tu."

"Utani gani?"

"Wa kijinga tu. Achana nao."

"Isack. Nimekuuliza. Toa mkono mdomoni, urudie."

Akautoa. Akamtazama Hija kama anayeomba ruhusa, akalowesha midomo, akasema pole pole, bila kupiga kelele safari hii, akiyatengeneza maneno moja moja kama anayepanga vikombe.

"Hija anasema, ile cheni ni kama ndoa yake na Mwajabu. Ilikatwa, ikaungwa, na sasa inalia kuliko mwanzo."

Ulikuwa utani mzuri. Ulikuwa mzuri kweli, na Hija nayajua mambo yake na Mwajabu yote, toka talaka ya kwanza. Nikacheka. Nilicheka mpaka machozi, kwa sauti ambayo sijui ilikuwa kubwa kiasi gani, nikiwa nimesimama pale mbele ya benchi. Wenzangu walinitazama kwa tabasamu la upole. Wao walikuwa wameshamaliza kucheka.